Ng'ombe wa Siku Moja

Jatani hakuwa mtu wa kuomba. Muulize yeyote pale Garsen, kuanzia wauza mitumba wa stendi mpaka madalali wa soko la mifugo, atakuambia hivyo hivyo: yule mzee Muorma mrefu, mwenye kikoi cha kijani na fimbo isiyotoka begani, akikosa sukari atainywa chai yake hivyo hivyo, na ukimtazama atakuambia daktari amemkataza. Daktari gani, wallahi, hata yeye hamjui. Na kama si tabia hiyo, binti yake Kadra leo angekuwa amevaa sare za uuguzi kule Mombasa, badala ya kusimama njiapanda akiwapungia mkono madereva wa magari ya Lamu wanunue maziwa.

Lakini tusimkimbilie kumlaumu. Kwanza tumjue.

Jatani alizaliwa nyuma ya ng'ombe na akakulia nyuma ya ng'ombe. Shule aliiona kwa mbali tu, siku alizokuwa akiwapitisha ng'ombe wa baba yake kwenda kunywa maji mtoni Tana. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuliza bei na kuikataa. Alimwoa Barwako, mwanamke mfupi mwenye maneno machache na mikono isiyotulia, wakajenga nje kidogo ya Garsen, upande wa kuelekea Tarasaa, pale ambapo siku hizi miti ya mathenge imekula malisho yote. Mtoto wao wa kwanza akawa Kadra.

Siku aliyozaliwa Kadra, baba yake aliingia zizini akamshika mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, akasema huyu ni wa mtoto. Ilikuwa desturi ya ukoo wao. Mtoto akikatwa kitovu hupewa ndama wake, na kila kitakachozaliwa na ndama yule ni mali ya mtoto, si ya baba wala ya mjomba. Ng'ombe yule alizaa, na watoto wake wakazaa. Kadra alipoingia kidato cha kwanza, ukoo mzima wa yule mtamba mwekundu ulikuwa ukirudi zizini jioni na kuziba njia.

Basi ulikuja mkutano wa wazazi shuleni. Mwalimu Mwaro, Mgiriama mmoja mpole aliyekuwa akifundisha hesabu na kuwashauri watoto juu ya mambo ya vyuo, alisimama akawaambia wazazi waanze mapema. Msingoje matokeo yatoke ndiyo mkimbie huku na huku, alisema. Uza dume mmoja bei ikiwa nzuri, weka pembeni. Ukiwa na chama, tenga fungu la mtoto. Chuo si karo tu, kuna chumba, kuna chakula, kuna nauli. Jatani aliyasikiliza yote kwa adabu, halafu akacheka.

"Mwalimu," akasema, "benki yangu inakula nyasi. Inazaa yenyewe."

Wazazi wote walicheka, na Mwalimu Mwaro naye akacheka. Barwako peke yake hakucheka. Alikuwa kwenye chama cha akina mama wauza maziwa, na tangu siku ile akaanza kuweka huko kidogo kidogo, bila kumwambia mtu. Hakuwa na nia ya kumficha mumewe. Alijua tu kwamba mwanamume akijua una akiba, shida zote za nyumba zitaijua pia.

Na Kadra mwenyewe? Huyo alikuwa na namna yake ya kusoma. Jioni, Barwako alikuwa akivisafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi, kijiti kinachowaka anakizungusha ndani ya kibuyu mpaka kitoe ile harufu nzuri, na Kadra akikaa mbele yake akimfundisha somo la siku ile. Ndiyo, akimfundisha mama yake ambaye hakuwahi kushika kalamu. Moyo una vyumba vingapi, damu inaingilia wapi, inatokea wapi. Barwako akiuliza, "Kwa nini isirudi ilikotoka?" Kadra akikwama kujibu, alijua pale hapajaingia, anarudi kitabuni. Akijibu mpaka mama yake akatosheka, somo limekwisha, analifunga. Alisoma hivyo miaka yote minne. Jatani akiwa nje akikagua kwato za ng'ombe aliwasikia, na ingawa hakuelewa nusu ya maneno, alisimama kimya ili asiwakatize.

Halafu ukaja ule ukame.

Nani Tana River asiyeujua? Mvua moja ikakosa, ya pili ikakosa, ya tatu watu wakaacha hata kutazama mawingu. Ng'ombe walipelekwa delta, upande wa Ozi na Kau, wakakuta delta imejaa ng'ombe wa watu wengine na nyasi hakuna. Ng'ombe wa Kadra wakaanza kulala wasiweze kuinuka. Asubuhi Jatani na majirani wanawashika mikia na pembe, wanawainua, wanasimama kidogo, wanaanguka tena. Hapo ndipo Barwako alipoitoa ile siri yake. Alichukua fungu lote la chama, lile la chuo, akanunua marobota ya nyasi kavu kutoka kwa wachuuzi wa malori. Jamani, hebu fikiria. Akiba ya mtoto ikalishwa kwa mali ya mtoto ili mali ya mtoto isife. Nyasi zikaliwa, na ng'ombe wakafa.

Alipokufa yule mtamba mwekundu, ambaye sasa alikuwa bibi kizee wa zizi, Jatani hakumchuna ngozi. Alikaa karibu naye mpaka jua likawa kali, kisha akaenda zake. Mafuriko yalipokuja mwaka uliofuata, yakamchukulia mbuzi aliokuwa amebaki nao. Zizi lote likabaki na ng'ombe mmoja aliyekonda na ndama wake. Na Jatani akaacha kucheka. Hakuwa mkali kwa mtu, salamu alijibu, chakula alikula. Lakini kile kicheko chake kilichokuwa kikisikika mpaka barabarani kiliisha kabisa, na watoto wakazoea kuishi bila kukisikia.

Katika hali hiyo Kadra alifanya mtihani wake, akapata B ya juu. Akapata na nafasi ya kusomea uuguzi kwenye chuo kimoja Mombasa. Nyumba ilifurahi kwa muda wa chai moja. Baada ya chai likaja swali, atakwenda na nini? Mkopo wa serikali waliuomba, wakaambiwa watapewa kipande, kilichobaki wajitafutie. Majirani walichangishana, lakini nao ukame ulikuwa umewakamua, kila mmoja ana ng'ombe watatu wanne wanaonyonywa na watoto kuliko ndama. Jatani alimpeleka sokoni yule ng'ombe wake wa mwisho. Dalali akampapasa mgongo, akataja bei ambayo isingelipa hata chumba cha kulala. Akarudi naye nyumbani.

Mwalimu Mwaro ndiye aliyeleta habari ya wafadhili. Kulikuwa na shirika moja lililosomesha watoto werevu wa familia zisizo na uwezo, linalipa kila kitu, kuanzia karo mpaka sabuni. Kadra aliomba, akaitwa kuhojiwa, akapita. Ikabaki hatua moja tu, wafadhili waje nyumbani waone familia inavyoishi. Mwalimu alimwita Kadra pembeni akamwambia, "Sikiliza, mwanangu. Msipambe chochote. Nyumba iacheni vile ilivyo." Angekuja mwenyewe siku hiyo, lakini mama yake alikuwa amelazwa Malindi na ilibidi aende kumuuguza.

Kadra alifikisha ujumbe kwa mama, na mama akamfikishia mumewe.

"Wanakuja kuona tunavyoishi," Barwako alisema. "Mwalimu amesema tusipambe."

"Mwalimu ni mtu mzuri," Jatani akajibu, "lakini si Muorma. Mgeni atoke Nairobi mpaka kwangu, akute zizi tupu na maji ya kunywa? Atasema mtoto huyu ametoka kwa watu gani?"

"Aba," Kadra akasema kwa sauti ndogo, "ndivyo wanavyotaka kuona."

"Hakuna mtu anayetaka kuona hivyo, mama. Watu wanasema tu."

Kesho yake akaja jirani yao Dukicha, mzee mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alimpenda Kadra kama anavyompenda binti yake Darmi. Amesikia wageni wanakuja. Amekwishazungumza na wenzake. "Mtoto ni wetu sote," alisema. "Aibu yake ni yetu." Na kabla ya jua kupanda siku ya wageni, ng'ombe wakaanza kuingizwa zizini kwa Jatani, wa Dukicha, wa nduguye, wa yule mjane wa upande wa pili, hata wa watu ambao Jatani hakuwa na mazoea nao. Mikeka mizuri ikaja, birika la shaba likaja, kondoo akachinjwa. Mtu mmoja akaleta kanzu yake mpya akamvalisha Jatani kwa mikono yake. Wanawake wakakaanga kahawa kwa samli, punje zake nzima nzima, ile ya heshima inayotolewa kwa harusi na kwa wageni wakubwa. Hakuna aliyelipwa wala aliyeombwa. Ukitaka kujua watu wale wanapendana vipi, ungekuwepo asubuhi ile.

Gari la wageni lilipofika, Jatani alikuwa katikati ya ng'ombe. Aliyeshuka alikuwa mwanamke kijana, Valary, mwenye viatu vya raba na tabasamu la kweli. Alisalimia kwa mikono miwili, akakaa mkekani, akanywa maziwa na kuyasifu, akala nyama, akatafuna kahawa huku akicheka kwa mshangao. Ng'ombe walikuwa wakilia kwa njaa, maana walizuiwa kwenda malishoni wamngoje yeye, lakini angejuaje? Alisikia sauti za mifugo mingi, basi. Jatani alimtembeza zizini akimwonyesha huyu na yule, akiwakwaruza shingo, akiwaita. Mmoja wa majirani akafanya utani kwamba dume fulani ana kiburi kama shemeji yake. Jatani akaangua kicheko, kile cha zamani, cha kusikika mpaka barabarani.

Kadra alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu mkononi.

"Mzee," Valary akauliza, "hawa ng'ombe wote ni wako?"

Swali hilo Jatani alilielewa. Lakini mfugaji haulizwi ng'ombe wake akaanza kuhesabu kichwa kwa kichwa, na mwenye nyumba halii umaskini mbele ya mgeni anayekula. Kwa hiyo alijibu kama baba yake angejibu, na baba wa baba yake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mungu ametoa."

Valary akaitikia kwa kichwa, akagusagusa simu yake. Baadaye alimwomba Kadra amwonyeshe pa kunawia mikono, wakaenda nyuma ya nyumba wawili hao, wakakawia kidogo, wakarudi. Kisha akaaga, akapewa kibuyu cha samli, akakataa, akashikiliwa mpaka akapokea. Gari likaondoka. Jioni majirani wakaja kuchukua kila mtu wake, na Jatani akaivua kanzu akaikunja vizuri.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Kadra mwezi uliofuata. Walimshukuru kwa kuomba, wakamtakia heri, nafasi wamepewa wengine. Kadra aliusoma, akamsomea mama yake, akarudi kuosha mitungi ya maziwa. Alilia usiku, lakini hilo Barwako peke yake ndiye aliyelijua.

Mwalimu Mwaro aliporudi kutoka Malindi, mama yake akiwa bado hajapona vizuri, alipiga simu huku na huku mpaka akapata jibu. Alikwenda kumtafuta Jatani soko la mifugo, akamvuta mbali na watu. Jatani alimtazama usoni akajua si habari njema.

"Mzee, wamesema familia ina uwezo," mwalimu akasema. "Wameona ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" Jatani akauliza. Halafu akakumbuka.

Mwalimu alisema amewaeleza, lakini orodha imefungwa, watoto wengine wamekwishaitwa, hakuna wa kuondolewa. Jatani alimshukuru. Akamwomba jambo moja, asimwambie mtu yeyote pale kijijini. Watajilaumu bure, alisema, na wao walifanya kwa mapenzi. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa, na ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na sababu ya pili, kwamba aliona haya. Basi watu walipouliza, alisema nafasi zilijaa. Wakapiga midomo yao kwa huruma, wakasema dunia ndivyo ilivyo.

Nyumbani alimwambia Barwako, na Barwako hakusema, "Si nilikuambia?" Laiti angesema. Kadra naye aliambiwa, akaitikia, "Sawa, Aba," kama mtu anayeambiwa duka limefungwa. Chuo kilingoja mpaka siku zake za kungoja zikaisha, kikafuta jina. Kadra akachukua mitungi akamfuata mama yake njiapanda. Hakumkasirikia baba yake. Alimwandalia chai, alimtafutia betri za redio, akamuuliza habari za mguu wake unaomuuma. Wema ule ulimkata Jatani maini. Mara nyingi alitamani mtoto ampigie kelele hata siku moja, wagombane, wapatane, yaishe. Hakupigiwa kelele.

Jioni, kwenye moshi wa vibuyu, sasa alikaa Darmi wa Dukicha. Kadra alimpa vitabu vyake vyote, na juu ya vitabu akampa ile namna yake. "Usinisomee," alikuwa akimwambia. "Mfundishe mama. Yeye akielewa, na wewe umeelewa." Na Barwako, ambaye kufikia hapo alikuwa akiujua moyo na vyumba vyake vyote, alijifanya hajui, akauliza upya, "Kwa nini isirudi ilikotoka?" Jatani akiwa nje na ng'ombe wake mmoja aliyasikia maneno yale yale kwa sauti ya mtoto mwingine, akaondoka akaenda kukaa mbali.

Darmi akafanya mtihani. Akafaulu. Akaomba kwa wafadhili wale wale. Akapita.

Dukicha akaja kwa Jatani amejaa furaha mpaka kikoi kinamfunguka. "Wageni wanakuja kwangu safari hii!" akasema. "Nimekuja kuomba ng'ombe wako siku hiyo. Na ndama wake pia, amependeza."

Jatani akamkalisha jirani yake, na kwa mara ya kwanza akasema. Akaeleza yote, ya Mwalimu Mwaro, ya simu, ya familia yenye uwezo. Dukicha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Watu gani hao, Jatani, wanaomnyima mtu kwa sababu amewaheshimu?" akauliza. "Huyo mwalimu amekudanganya ili kukupoza. Kadra alikosa kwa kuwa nafasi zilijaa, si wewe mwenyewe ulituambia?"

"Nilisema uongo."

"Mtu aliyesema uongo jana, leo nimwamini vipi?" Dukicha akasimama. Hakusema kwa ubaya, lakini alikuwa ameudhika. "Kama ng'ombe humtoi, usimtoe. Usiniombee mabaya tu kwa binti yangu."

Jatani akamtoa ng'ombe. Angefanyaje? Kumnyima jirani siku ya heshima yake ni kumtangaza kuwa adui.

Siku ikafika, na kila kitu kikawa kama mwaka ule, mikeka, birika lile lile, kahawa kwenye samli, ng'ombe wakilia. Gari likasimama na Valary yule yule akashuka, amenenepa kidogo. Dukicha katika kanzu ya kuazima alikuwa akitoa salamu kwa sauti ya juu. Jatani alikuwa amekaa na wazee wengine, fimbo magotini. Alimwona Darmi amesimama mlangoni na kibuyu. Alisimama vile vile alivyosimama Kadra.

Valary akanywa, akasifu, akageukia zizi. "Mzee, hawa ng'ombe wote ni wako?"

Dukicha akavuta pumzi ya kujibu. Jatani akainuka. Kiswahili chake cha sokoni, kisichowahi kufanya kazi nzito hivi, akakisukuma mbele.

"Mama, ngoja," akasema. "Hii ng'ombe yote si yake. Ile nyekundu yangu mimi, na ile mtoto yake. Ile mbili ya mama mjane. Ile pale ya ndugu yake. Yeye iko na tatu peke yake. Kondoo hii umekula, hakuna ingine. Kanzu hii ya mtu. Sisi hapana tajiri, mama. Sisi maskini. Sisi nafanya hii kwa heshima yako wewe, mgeni. Mwaka ile umekuja kwangu, mimi nafanya hivi hivi. Mtoto yangu nakosa chuo."

Uso wa Dukicha ukajaa damu. Kumtajia mtu umaskini wake mbele ya mgeni, ndani ya nyumba yake, juu ya mkeka wake! Alimtazama Jatani kama hamjui, akageuka, akaingia ndani akamwacha mgeni peke yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona likifanyika pale. Wazee wawili wakainuka wakaondoka. Darmi akaanza kulia.

Valary alitua kikombe. Akamfuata Jatani aliyekuwa amekwishaanza kuondoka, akamkuta njiani penye mathenge.

"Mzee, nimekuelewa," akasema polepole, ili kila neno lifike. "Darmi usiwe na wasiwasi naye. Nitawaeleza wenzangu nilichokiona na ulichoniambia. Lakini mimi sikuridhika na ng'ombe tu. Mwaka ule nilimchukua Kadra nyuma ya nyumba, peke yake. Nikamwambia, niambie ukweli, hakuna atakayesikia, hawa ng'ombe ni wenu? Akasema ndiyo. Nikamuuliza tena. Nikamwambia, jibu lako ndilo nitakaloandika. Akasema ni wetu."

Jatani alimtazama kama hakusikia. Lakini alisikia, na alielewa kila neno, uchache wa Kiswahili chake haukumkinga hata kidogo siku hiyo. Akamshukuru mgeni, akamtakia safari njema, akashika njia.

Nyumbani alimkuta Kadra anatia moshi kwenye vibuyu, Barwako kando yake anapepeta mchele. Wadogo zake walikuwa wakicheza zizini, maana zizi lilikuwa tupu kabisa siku hiyo. Jatani hakukaa. Alisimama mbele ya binti yake na fimbo yake.

"Yule mwanamke alikuuliza," akasema. "Nyuma ya nyumba. Mara mbili."

Kadra akakishusha kibuyu. Alimtazama mama yake, na mama yake akainamisha kichwa juu ya ungo. Hata yeye hakuwa akijua.

"Alikuambia jibu lako ndilo atakaloandika. Mwalimu alikwisha kukuambia msipambe. Sikuwepo mimi, hakuwepo mtu. Kwa nini, Kadra? Kwa nini hukumwambia?"

Kijiti kilikuwa kinawaka mkononi mwa Kadra, akakizima kwenye mchanga taratibu.

"Ulikuwa unacheka, Aba," akasema. "Ulikuwa katikati ya ng'ombe na unacheka. Tangu wafe wale wetu nilikuwa sijakusikia ukicheka. Nikasema nikimwambia, atatoka pale nyuma aende akuulize mbele ya watu, na utanyamaza tena."

Fimbo ilimtoka Jatani ikaanguka. Hakuiokota. Alikaa chini pale pale mchangani mbele ya mkewe na wanawe, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, bila kujifunika uso. Watoto wakaacha kucheza zizini wakaja kumtazama. Barabarani lilipita gari la Lamu likipiga honi kutafuta wauza maziwa, na hakuna aliyeinuka.